Panya wa Hadado hawamalizwi na sumu ya mchuuzi

Mwezi uliopita nililala Hadado, Wajir Magharibi, kwa rafiki yangu mwenye duka. Usiku kucha panya walikimbizana juu ya magunia ya mchele. Asubuhi nikamuuliza, paka yuko wapi?

"Ndugu yangu, paka nilimuua mwenyewe," akanijibu.

Alinunua sumu kwa mchuuzi, pakiti isiyo na jina wala maelezo, akaichanganya na ugali. Panya kadhaa walikufa. Paka akawala, naye akafa. Baada ya wiki chache panya walirudi, na nyuma yao akaja kifutu. Mtoto wa jirani alimkuta amejikunja kando ya mkeka anaolalia. Mungu alisaidia, hakuumwa.

Nimelifikiria jambo hili tangu nirudi Pwani, na naona wengi tunakosea hapo hapo. Tunadhani kazi ni kuua panya, ilhali kazi ni kumnyima chakula na mahali pa kuzaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamechunguza panya shamba kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba wingi wao hufuata mvua. Nyasi zikiota na mbegu zikajaa, jike mmoja huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na mimba haizidi sana wiki tatu. Kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilikosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zikaleta mafuriko. Nchi inayoyumba hivyo lazima ijiandae kwa panya kila inapomaliza kushukuru kwa mvua.

Tena nyoka hamfuati mtu, anafuata panya. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na lengo ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kenya huagiza dawa ya sumu ya nyoka kutoka nje. Kwa anayelala chini mbali na hospitali kubwa, kufukuza panya ni kinga ya uhai.

Sumu nayo ina sheria. Dawa za aina hii zinapaswa kusajiliwa na bodi ya serikali, PCPB. Pakiti isiyo na lebo ikiliwa na mtoto, daktari atajuaje amtibu nini?

Nyumbani, nafaka iwekwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Magunia yapandishwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Matundu yazibwe, hata madogo, kwani panya mchanga hupenya tundu la upana wa kalamu. Mtego utegwe ukutani, maana panya hupita kandokando, hakati katikati ya chumba. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu, uzikwe. Na paka alindwe.

Lakini nyumba moja haiwezi peke yake. Rafiki yangu akiziba matundu yake huku taka za soko zimerundikana mita chache kutoka mlangoni, panya atahamia kwa jirani na kurudi kesho. Serikali ya kaunti ichimbe shimo la taka, ikague maghala ya chakula, hasa ya msaada, na iwazuie wachuuzi wa sumu zisizo na lebo. Wazee wa mtaa nao wachague wiki moja, kila nyumba isafishe na kutega kwa pamoja.

Sisi wa Pwani tusiwacheke. Tazameni mitaro na majaa yetu. Yule kifutu wa Hadado hakuingia kwa bahati mbaya, tulimwandalia chakula.