Likizo ya Mfanyakazi Ni Shule ya Mwanawe

Sheria ya nchi yetu inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka. Mtumishi wa umma, zaidi ya hapo, hulipiwa nauli kila baada ya miaka miwili, yeye na mwenzi wake na watoto wake, ili aende kwao. Haki hizo hazikushuka kama mvua. Wafanyakazi walizidai tangu enzi za mkoloni, na Taifa huru likazitia katika sheria. Hata hivyo, ukiwauliza walimu na maofisa wengi wa hapa Bariadi waliitumiaje likizo iliyopita, jibu ni fupi: "Nilikuwapo tu." Mmoja alipalilia pamba, mwingine alisimamia ujenzi wa nyumba, wa tatu alikwenda kumzika ndugu. Hayo ni mambo ya heshima, wala hatuyabezi. Lakini hapana budi tuulize: katika siku hizo 28, watoto walipata nini?

Katika nchi za wenzetu, familia hujinyima mwaka mzima ili wazazi na watoto wakaone visiwa vilivyozaliwa na moto wa chini ya ardhi, kama vile Hawaii, Iceland na visiwa vya Canary. Katika Bahari yetu ya Hindi iko Ngazidja ya ndugu zetu Wakomoro, ambako mlima Karthala ulitapika majivu mwaka 2005 na kuyachafua maji ya kunywa ya maelfu ya watu. Mtoto anayefikishwa katika kisiwa cha namna hiyo huona kwa macho yake kwamba ardhi anayoikanyaga bado inaendelea kuumbwa.

Hatumwambii mwalimu wa Bariadi apande meli na watoto wanne kwenda Ngazidja. Mshahara wake tunaujua. Visiwa vyetu vya karibu navyo havikuzaliwa na moto: Ukerewe na Saanane ni visiwa vya mawe ya itale, na Unguja ni ya matumbawe. Tunachomwambia ni kwamba nchi ya volkano iko nyuma ya nyumba yake, na hahitaji kuvuka bahari ili kuifikia.

Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kila mtoto wa shule anajua kwamba nyumbu huhama, lakini ni wachache walioelezwa sababu. Mbuga za majani mafupi zilizo kusini mashariki mwa Serengeti zimelala juu ya majivu yaliyotapikwa na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na majirani zake. Majivu hayo yaligeuka tabaka gumu chini ya udongo, na mizizi ya miti haiwezi kulipenya. Ndiyo maana mbuga ile ni majani matupu mpaka macho yanapokoma. Majani yenyewe yana madini mengi yanayomfaa mama anyonyeshaye, na ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia huko kila mwanzo wa mwaka. Kwa hakika, Serengeti imelishwa na volkano kama shamba linavyolishwa na samadi.

Na moto wenyewe haujazimika. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, ulilipuka mwaka 2007 na kurusha majivu hadi mwaka 2008. Katika dunia nzima, ndiyo volkano hai pekee inayotoa lava ya namna yake: hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Karibu na hapo, huko Laetoli, mwaka 1978 zilichimbuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo ni kubwa na ndogo, zimefuatana njia moja. Mzazi atakayemweleza mwanawe habari hiyo wakiwa juu ya ardhi ile ile hatahitaji maneno mengi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri na wageni. Mwalimu Nyerere mwenyewe anakumbukwa kwa kusema waziwazi kwamba hakuwa na hamu ya kuitumia likizo yake kuwatazama mamba. Lakini Mwalimu huyo huyo, mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alitoa huko Arusha tamko la kuahidi kwamba wanyamapori na makazi yao yatalindwa kwa ajili ya wajukuu wa Watanganyika. Wajukuu hao ndio watoto tunaowazungumzia. Je, mjukuu ataulindaje urithi asioujua?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili kwetu sisi wa Simiyu. Mtoto wa kijiji kinachopakana na hifadhi anamjua tembo kwa sura moja tu: mnyama aliyekuja usiku akala mahindi ya baba yake, na pengine akamuua jirani. Chuki hiyo ina sababu, na atakayeikejeli hajawahi kulala shambani akilinda mazao. Lakini mtoto huyo ndiye diwani wa kesho, ndiye afisa ardhi na ndiye askari wa wanyamapori. Ataamua mpaka uwe wapi, mifugo ipite wapi, na fedha za utalii zitumikeje. Tukimwachia amjue tembo kwa hasara peke yake, ataamua kwa hasira. Tukimwachia mtoto wa mjini aijue Serengeti kwa picha za kalenda peke yake, ataamua kwa ndoto. Wote wawili wanahitaji kuifahamu nchi yao jinsi ilivyo.

Basi safari ipangwe, na ipangwe mapema. Kwanza, familia ifanye kikao mwezi Januari, watoto wakiwamo. Mtoto aliyeshiriki kuamua atakubali kukosa viatu vipya mwezi Machi, kwa kuwa anajua fedha inakwenda wapi. Kiingilio cha raia katika hifadhi ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola, na mtoto aliye chini ya miaka 5 halipi. Kinachotushinda ni gari. Lakini ikiwa familia moja haiwezi kukodi gari, familia 6 za walimu wa shule moja zinaweza kukodi basi dogo na kugawana gharama. Huo ndio ujamaa wa kweli, na vyama vyetu vya akiba na mikopo havikuundwa kwa ajili ya misiba na harusi tu.

Pili, wakati uchaguliwe kwa akili. Likizo ya shule ya mwezi Juni huja wakati mvua zimekoma, na kwa kawaida nyumbu huwa wamefika ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande wetu. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita zipatazo 70 za lami, na kutoka hapo lango la Ndabaka si mbali. Familia itokayo alfajiri inaweza kuingia, kutazama na kurudi siku hiyo hiyo. Wenye uwezo zaidi waweke akiba miaka miwili, wavuke mbuga yote mpaka Ngorongoro, wakasimame ukingoni mwa kreta ambayo ni mlima uliodidimia, wenye shimo la kina cha mita 600 hivi. Wakumbuke kwamba Ngorongoro ina mamlaka yake na kiingilio chake, na kwamba ukingoni huko kuna baridi ambayo mtoto wa Bariadi hajawahi kuionja. Sweta si anasa.

Tatu, usalama wa watoto usifanyiwe mzaha. Ukanda wa magharibi una mbung'o wengi. Watoto wavae mikono mirefu na nguo zisizo nyeusi wala za buluu, kwa maana rangi hizo huwaita wadudu hao. Maji ya kunywa na chakula vitoke nyumbani. Mtoto asishuke garini ila mahali palipotengwa, hata kama mnyama yuko mbali. Na Ol Doinyo Lengai utazamwe kwa mbali. Si mlima wa kupandwa na watoto wadogo.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mfanyakazi mzigo wote. Nauli ya likizo inayolipwa wakati likizo imekwisha si nauli. Ni deni lililochelewa. Wakuu wa idara wanaomwahirishia mtumishi likizo mwaka baada ya mwaka kwa kisingizio cha kazi nyingi wanamnyang'anya haki yake, na mtoto wake pia. Halmashauri zetu nazo zinaweza kukaa na wakuu wa hifadhi kabla ya kila mwezi Juni na kupanga siku maalumu za mabasi ya familia na shule kutoka vijiji vya mpakani. Chama, ambacho ni chama cha wakulima na wafanyakazi, hakina budi kuliuliza jambo hili katika vikao vyake vya wilaya kama kinavyouliza habari za pembejeo za pamba.

Ndugu walimu, ninyi mnaofundisha jiografia mnachora volkano ubaoni kwa chaki, mkiweka mishale kuonyesha lava inavyopanda. Chaki hufutika ifikapo jioni. Mtoto aliyesimama juu ya majivu ya Serengeti, akaambiwa na baba au mama yake kwamba majani haya, nyumbu hawa na nyayo zile za kale vyote vimetokana na moto mmoja, atalikumbuka somo hilo atakapokuwa na watoto wake mwenyewe.

Akiba haiozi, na kuona kwingi ni kutembea. Likizo ya mwaka huu isipite kama zilizotangulia. Ifikapo Juni, tufunge mlango, tuwashike watoto mkono, twende tukaione nchi yetu.