Tairi jipya liwe la mbele

Daktari anapomhimiza mwenye shinikizo la damu au kisukari afanye mazoezi, baiskeli haikosi kutajwa. Ni ushauri mwema. Lakini anayeendesha kila siku kutoka Kayole hadi Industrial Area, Nairobi, hupita kijia cha udongo, changarawe, kisha lami yenye mashimo, mvua inyeshe au jua liwake. Mtu huyo hana budi kufikiria matairi kabla ya kengele na mapambo.

Wengi hudhani tairi lenye meno makubwa ndilo salama. Sivyo. Kwenye lami, hata iliyolowa, kinachoshika ni mpira unaogusa barabara. Meno marefu hupunguza mguso huo, hujipinda kwenye kona na kumchosha mwendeshaji bure. Na katika ule udongo mweusi wa Embakasi, hakuna meno yanayofaa kitu: matope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo shuka usukume, hata wapita njia wakicheka.

Kwa baiskeli ya inchi 26, mimi ningechagua tairi la upana wa inchi 1.75 hadi 2, laini katikati na lenye meno mafupi kandoni. Soma namba vizuri dukani, kwani tairi la 26 x 1⅜ haliingii kwenye rimu ya 26 x 1.75, ijapokuwa yote huitwa ishirini na sita. Wenye Black Mamba wana yao ya 28 x 1½, na hawana mengi ya kuchagua.

Kuna suala la upepo pia. Wengi hupiga pampu hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi kama hilo hurukaruka juu ya changarawe na mtikisiko wote huishia viganjani. Ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete baada ya safari ndefu aghalabu hutokana na mshipa wa fahamu unaobanwa hapo. Kiwango cha upepo huandikwa ubavuni mwa tairi. Wakati wa mvua punguza kidogo, ila usipite kiasi, kwani rimu itagonga shimo na kutoboa tyubu.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Tairi la nyuma hubeba uzito mkubwa na ndilo linalosukuma, hivyo huisha mapema. Basi watu hununua jipya wakaliweka nyuma, huku la mbele, lililopauka na kujaa nyufa, likibaki miaka na miaka. Hiyo ni hesabu ya mfuko, si ya mwili. La nyuma likiteleza, mara nyingi utajiokoa. La mbele likiteleza, uko chini kabla hujatia mguu, umenyoosha mkono kujikinga, na hivyo ndivyo kifundo cha mkono huvunjika. Nyuma yako kuna matatu.

Kabla ya masika kuanza mwezi Machi, mwambie fundi alihamishe la mbele liende nyuma, na jipya liwe mbele. Atalalamika kwamba hiyo ni kazi mara mbili. Mlipe.