Zana za kusaka hitilafu: Nani ana idhini ya kuchungulia ndani ya kompyuta?

FUNDI wa kompyuta anayeijua kazi yake huwa na flashi iliyojaa programu ndogo ndogo ambazo mteja hazijui. Haziandiki barua, hazipigi hesabu wala hazichezi muziki. Kazi yazo ni kuonyesha yanayotendeka ndani ya mashine inapodhaniwa kuwa imetulia: ni programu gani inayokula nguvu zake, ni faili lipi limefunguliwa, ni kitu gani kinachojiwasha chenyewe kila mashine inapoamka.

Kwa watumiaji wa Windows, zinazosifika zaidi ni zile za Sysinternals, zilizoanza kutolewa bure mnamo 1996 na Wamarekani Mark Russinovich na Bryce Cogswell. Process Explorer, Filemon na Regmon zilikusudiwa kuwasaidia watunga programu kung'amua chanzo cha hitilafu. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja zingeitia aibu kampuni kubwa ya muziki.

Oktoba 2005, Russinovich alikuwa akiijaribu programu yake ya RootkitRevealer, inayofichua vitu vilivyofichwa kwenye mashine, alipokumbana na mafaili yasiyoonekana kwa njia za kawaida ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Alifuata nyayo zake hatua kwa hatua kwa kutumia zana zizo hizo. Aligundua kwamba kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama $sys$ lilikuwa likifichwa, na kwamba palikuwa na programu iliyojipa jina la kuhadaa, kana kwamba ni sehemu halali ya Windows, ikikagua mashine kila baada ya sekunde chache. Alipoifuta, kiendeshi chake cha CD kikatoweka.

Asili ya yote hayo ilikuwa CD ya muziki ya kampuni ya Sony BMG aliyoinunua kihalali. Kampuni hiyo ilikuwa imetia ndani yake programu ya kuzuia kunakiliwa kwa nyimbo, iliyotungwa na kampuni ya Uingereza ya First 4 Internet, nayo ikajificha kwa mbinu zile zile za wadukuzi. Russinovich alichapisha matokeo yake Oktoba 31. Haikupita hata wiki mbili kabla ya wahalifu kutoa virusi vilivyojikinga chini ya kivuli hicho hicho.

Mkuu mmoja wa Sony BMG, Thomas Hesse, aliiambia redio ya NPR kwamba watu wengi hawajui hata maana ya programu za aina hiyo, basi kwa nini ziwashughulishe? Jibu lilikuja upesi. Novemba mwaka huo kampuni iliziondoa CD hizo madukani, baada ya zaidi ya milioni mbili kununuliwa, na jimbo la Texas likaishtaki.

Upande wa pili wa kisa hiki haukutangazwa sana. Watafiti Edward Felten na Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuwa wamegundua kasoro katika CD hizo mapema, lakini wakatumia wiki kadhaa kushauriana na mawakili, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1998 inaharamisha kuvunja kufuli za kidijitali. Kwa maneno mengine, wanunuzi waliendelea kuambukizwa huku wenye ujuzi wakiuliza kama ni halali kusema. Msamaha wa kisheria wa kuchunguza CD za namna hiyo ulitolewa mwishoni mwa 2006, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Hata hivyo, haifai kuzitakasa zana hizi kupita kiasi. PsExec, iliyomo katika mkusanyiko huo huo, humwezesha msimamizi kuendesha programu kwenye kompyuta iliyo mbali. Virusi vya NotPetya vilivyozuka Ukraine Juni 2017 viliitumia kuenea kutoka mashine moja hadi nyingine. Kufikia wakati huo zana hizo zilikuwa mali ya Microsoft, iliyoinunua kampuni ya akina Russinovich mnamo 2006 na kuendelea kuzitoa bure.

Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu anayemiliki programu kihalali kuinakili kadiri inavyohitajika kurekebisha hitilafu. Sheria hiyo hiyo inahesabu kukwepa kufuli za kulinda kazi za sanaa kuwa ukiukaji. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, katika kifungu cha 18, inaharamisha programu zilizobuniwa hasa kwa ajili ya uhalifu, lakini ikaacha mwanya kwa mafunzo, majaribio na ulinzi "ulioidhinishwa".

Ulioidhinishwa na nani? Mwenye kompyuta akimpa fundi wa Luthuli Avenue ruhusa ya kuichunguza, jambo liko wazi. Lakini kama kinachochunguzwa ni programu ya kampuni iliyojipenyeza humo pamoja na kufuli yake, kama ilivyokuwa katika CD ile, fundi huyo atalazimika kumwuliza wakili kwanza, sawa na walivyofanya watafiti wa Princeton. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na chuo kikuu nyuma yao.