Moshi wa Dizeli Unalipiwa na Mapafu Yako

Wasee, kila tarehe 14 jioni tunangoja EPRA kama matokeo ya KCSE. Petroli ikipanda tunalia, ikishuka shilingi moja tunacheka. Lakini kuna kitu ndani ya hiyo bei watu hawaongelei.

Ushuru wa bidhaa kwa lita ya petroli ni karibu shilingi 22. Kwa dizeli ni karibu 11. Nusu! Sababu tunaijua: dizeli ndiyo hubeba unga, huvuta trekta, huendesha mathree. Ukiigusa, kila kitu kinapanda. Hapo sina ubishi. VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, nauli iliniuma kama ilivyokuuma.

Ninachokataa ni ile stori ya wauza magari mtandaoni: eti chukua dizeli, inakula mafuta kidogo, hata mazingira utakuwa umeyaokoa. Nusu yake ni kweli. Dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja, kwa hivyo kaboni kwa kilomita huwa chini kidogo. Nusu ingine wanaimeza: masizi. Mwaka wa 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Si "labda". Vinavyosababisha.

"Lakini hii ni ya kisasa, iko na DPF." Haya basi. DPF ni kichujio kwenye bomba la moshi. Hunasa masizi, halafu huyachoma gari likikimbia vizuri kwa muda mpaka bomba lipate moto wa kutosha. Sasa niambie, ukitoka Donholm hadi tao kwenye jam ya Jogoo Road saa moja asubuhi, utakimbia wapi? Kichujio kinaziba. Taa inawaka kwenye dashibodi. Kipya ni pesa mingi, kwa hivyo fundi anapasua, anatoa vya ndani, anachomelea. Gari linapata nguvu, mwenyewe anafurahi. Na moshi je?

Moshi ni wa mdogo wangu. Ana pumu. Kila asubuhi yuko steji na inhela kwenye mfuko wa sweta. Hana gari, hajawahi kupunguziwa ushuru na mtu, lakini yeye ndiye analipa zile shilingi 11 zilizosamehewa.

Sisemi dizeli ipandishwe kesho, mama mboga ndiye ataumia. Nasema gari dogo la dizeli la mtu binafsi halibebi unga wa mtu. Litozwe zaidi likishuka Mombasa. Moshi wake upimwe kila mwaka, na aliyetoa kichujio asiruhusiwe barabarani hadi akirudishe.

Na siku muuzaji atakuambia dizeli ni safi, usibishane. Mwambie aiwashe, asimame nyuma ya bomba, avute pumzi kumi. Kisha muendelee kuongea bei.