Kampuni Haitoi Bure: Wapwani Tutofautishe Msaada na Haki

Kila kampuni kubwa inapofungua zahanati au kutoa basari kijijini, wazee huomba dua, picha hupigwa, watu wakapiga makofi. Si vibaya. Lakini tumewahi kujiuliza kwa nini mfanyabiashara, ambaye kazi yake ni kutafuta faida, atoe pesa kutatua shida ambazo ni jukumu la serikali?

Jibu la kwanza ni kwamba shida yenyewe yaweza kuwa soko. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007, Wakenya wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Aliyetaka kumpelekea mamake pesa kijijini alimpa dereva wa basi bahasha, akaomba Mungu ifike. Mradi ule ulianza kwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza. Shida ikatatuka, na kampuni ikatajirika kwa ada ndogo ndogo tunazokatwa.

Jibu la pili ni ujirani mwema. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na uchimbaji wa mawe ukaacha mashimo makavu yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wake, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, ila mivinje ikastahimili, na leo pale ni Haller Park tunapopeleka watoto siku za sikukuu. Kiwanda kilichozungukwa na nyumba za watu na hoteli za watalii hakiwezi kudumu kikiwa adui wa majirani zake.

Jibu la tatu ni sheria, na hapa ndipo sisi hulala. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi machimboni. Juu ya hayo, kanuni za 2017 zinamtaka mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa atumie angalau asilimia 1 ya mauzo yake ghafi kwa maendeleo ya jamii hiyo, kwa mkataba ulioandikwa.

Tazameni Kwale. Base Titanium ilichimba kwa zaidi ya miaka kumi hadi Desemba 2024. Ilijenga madarasa, ikasomesha vijana, nasi tukashukuru. Lakini ile asilimia 10 ya jamii wananchi waliingoja miaka na mikaka, na aliyewachelewesha si mchimbaji, ni serikali. Tulimpigia makofi mwenye kampuni, tukasahau kumdai aliyeshika fungu letu.

Sasa mchanga wenye madini umekwisha. Msaada wa kampuni huondoka na kampuni. Mtoto aliyekuwa kidato cha pili machimbo yalipofungwa angali anahitaji karo.

Kwa hivyo mwekezaji mwingine akija, awe wa madini, wa bandari au wa hewa ya kaboni ya mikoko yetu, tumkaribishe kwa heshima kisha tumuulize: hili unalotupa ni biashara yako, ni hisani yako, au ni haki yetu? Kama ni biashara, tujadiliane bei. Kama ni hisani, tuseme ahsante. Kama ni haki, tutake mkataba tuusome kabla ya kupiga makofi.