Mtoto Amefika, Mbona Furaha Haijafika?



Hapa kambini mtoto akizaliwa, majirani wanakuja na uji kumwona mzazi: "Umefurahi, eh?" Unajibu ndiyo, kumbe moyoni hamna kitu. Labda ulingoja wa kiume, amekuja wa kike. Labda mama yako, ambaye angekukanda na maji ya moto, amebaki Fizi. Majirani hawana ubaya, ila swali lao ni gumu.

Kulia siku ya tatu au ya nne ni kawaida. Homoni za mimba zinashuka ghafla ukishajifungua, na usingizi ndio huo hakuna. Haina maana humpendi mtoto. Kwa wengine upendo unakuja pole pole, kwa kunyonyesha na kubeba.

Mara nyingi inaisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, nenda zahanati, usingoje siku ya chanjo. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo leo, na mtu akusindikize.

Baba, hilo neno "jikaze" liache. Chota maji, shika mtoto, mama alale hata masaa mawili. Na wewe ukijisikia hivyo hivyo, sema. Wanaume pia inawapata.