TUKODISHE MAJANI, TUSIKODISHE NGITILI



Habari imekwisha kuzagaa kisimani, kilabuni na mnadani, kwa hiyo gazeti hili la ukutani halina siri ya kufichua. Mfugaji mmoja kutoka nje ya kata yetu, mwenye ng'ombe wasiopungua 300, anataka kuikodi ngitili ya kijiji. Anataka aingie katikati ya mwezi huu wa tano, akae mpaka mwisho wa mwezi wa saba, na fedha yote atatoa taslimu kwa mkupuo mmoja. Tayari wapo wanaohesabu mabati ya ghala la pamba. Wapo pia, tuseme ukweli, wanaohesabu mifuko yao.

Sisi tunasema hapana. Siyo hapana ya kumchukia mgeni. Yule ni mfugaji kama sisi, malisho yamemwishia kwao, na ng'ombe wake wanaumwa njaa kama wa kwetu. Wala siyo hapana ya kukataa kukodisha. Mkoa huu wa Shinyanga wenye ngitili zao binafsi wamekodisha siku nyingi, na wengine wamesomesha watoto kwa fedha hiyo. Tunachokataa ni masharti haya ya mkupuo: fedha ipokelewe, geti lifunguliwe, halafu kila mtu aangalie pembeni.

Kwanza tukumbushane ngitili ni kitu gani, maana vijana wengine wanaiona pori tu lililokaa bure. Ngitili ni akiba. Inafungwa mvua zinapoanza, majani yanakua, yanachanua, yanaangusha mbegu, yanakauka yakiwa yamesimama. Inafunguliwa kiangazi kikikaza, mwezi wa nane hivi, wakati mbuga zote nje zimebaki vumbi. Na tangu wazee wetu haikufunguliwa kwa kila mnyama. Ni ya ndama, ng'ombe waliodhoofu, na maksai wa plau. Hao maksai ndio wanaotakiwa wawe na nguvu mvua ya kwanza ikidondoka mwezi wa kumi na moja. Maksai aliyekonda halimi. Na asiyelima mapema, pamba yake na mahindi yake mnajua yanavyokuwa.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wanaotaka fedha hii hawajapiga hata moja. Ng'ombe wetu wa kienyeji, mkubwa wa kilo 250, anakula majani makavu kama kilo 6 kwa siku. Ng'ombe 300 ni kilo 1,800 kila siku inayokucha. Ngitili yetu haizidi ekari 150. Tuseme, kwa ukarimu, kila ekari ina kilo 800 za majani mwaka huu. Nusu lazima ibaki, ifunike udongo na kulinda mashina yachipue tena. Basi cha kuliwa ni kilo 60,000. Gawanya kwa 1,800 upate siku 33. Huyu bwana anataka kukaa siku 75! Hata wakiramba yote mpaka udongo uonekane, majani hayafiki siku 67. Siku zinazobaki watakula nini? Watakula matawi ya migunga, na wachungaji watapanda juu kuyakata. Mwenye shaka achukue kalamu ahesabu mwenyewe.

Majani hayo hayo wapewe maksai 80 wa kijiji hiki. Wanakula kilo 480 kwa siku. Yanawatosha siku 125, yaani tangu mwanzo wa mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja unakwisha, wako kwenye plau. Kwa hiyo fedha ya mabati ni bei ya maksai wetu wote. Tukiezeka ghala kwa fedha hiyo, mwaka unaofuata tutaingiza pamba gani ndani yake?

Kuna jambo la pili ambalo ni baya kuliko kula sana, nalo ni kula mapema. Mwezi wa tano majani mengi bado yanashusha chakula mizizini na mbegu hazijaanguka zote. Ng'ombe 300 wakiingia sasa, wanakula ya mwaka huu na ya mwaka ujao pamoja. Ngitili inayolishwa wakati wowote siyo ngitili tena, ni machungio kama pale mnadani. Pale mnadani nani kati yenu amewahi kupeleka maksai wake akanenepa?

Wenzetu wanasema: "Lakini majani yakibaki si yataungua na moto bure?" Yanaungua kwa sababu njia za kuzuia moto hazikulimwa mwaka jana, na kila mtu anajua ni kitongoji gani hakikutokea siku ya kazi. Dawa ya moto ni jembe. Wengine wanasema: "Sisi wenye ng'ombe wawili watatu tunapata nini humo ndani?" Hilo ni swali la haki na tusilipuuze. Waulizeni akina mama. Kuni za karibu zinatoka humo, majani ya kuezekea, uyoga, asali na dawa za mizizi. Ngitili ikipigwa, mwenye ng'ombe wengi atahamisha ng'ombe wake. Asiye na ng'ombe hana pa kuhamia, na mke wake ndiye atakayetembea nusu siku kutafuta kuni.

Vijana wasiojua wasikie ilivyokuwa. Nchi hii ilifyekwa miti miaka ya 1920 na kuendelea ili kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipofika Shinyanga aliiona nchi inageuka jangwa. Ndipo mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Miche ilipandwa, lakini kilichofaulu kuliko vyote ni kazi isiyo na gharama: kufunga eneo tu. Mizizi ya migunga iliyokuwa chini hai ikaota yenyewe. Ngitili zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Hakuna askari aliyezilinda hizo. Zililindwa na wanakijiji, na sungusungu, na dagashida iliyomtoza faini aliyevunja hata kama ni mtoto wa mkubwa.

Upande wa pili waangalieni ndugu zetu wa Kondoa. Milima ya Irangi ililiwa na mifugo na majembe mpaka makorongo yakameza mashamba. Mradi wa HADO ulianza 1973, na mwaka 1979 Serikali ikaamuru mifugo yote itoke katika eneo lile. Yote! Ilipita miaka kumi hivi kabla ng'ombe hawajaruhusiwa kurudi, na hapo wakawa wa kufungwa zizini na kuletewa majani. Tukishindwa kufunga geti letu wenyewe kwa miezi michache, atakuja mwingine kutufungia, na huyo hatatuuliza tunataka kufungua lini.

Halafu hii habari ya kusema eti Halmashauri ya Kijiji imekwisha kukubali. Imekubali nini, na kwa ruhusa ya nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iko wazi: Halmashauri inasimamia ardhi kwa niaba yetu, na haimgawii mtu ardhi ya kijiji mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uidhinishe. Mkutano Mkuu ni mimi na wewe, kila mwenye miaka 18 na zaidi anayeishi hapa. Kama kuna mzee aliyekwisha kupokea "ya soda", airudishe mapema, itakuwa nafuu kwake.

Wala tusiwaseme wa Halmashauri peke yao. Katika Ushirika wetu wapo wanachama wanaokodisha ngitili zao binafsi kwa wageni, ekari tano au sita, ng'ombe hawahesabiwi. Usiku zile ekari sita zinapitiwa tu kama mlango na kundi linaamkia ndani ya ngitili ya kijiji. Mwenyewe anasema hakuona. Ng'ombe mia hawakuonekana, jamani? Ng'ombe siyo panya.

Tunachopendekeza kwenye mkutano ni hiki. Tuuze majani, tena yale yaliyozidi baada ya maksai na ndama wetu kuhesabiwa. Mgeni alipe kwa kichwa kwa mwezi, siyo kwa mkupuo, na kila asubuhi ya Jumatatu ng'ombe wahesabiwe getini mbele ya sungusungu na mjumbe mmoja wa akina mama. Aingie mwezi wa nane kama sisi, atoke mvua ya kwanza kama sisi. Asijenge boma ndani, asikate tawi, asiwashe moto. Akivunja, faini ni ile ile inayompata mwanakijiji. Masharti yaandikwe katika mkataba na kubandikwa ukuta huu huu, na fedha iingie kwa risiti. Na anayekodisha ngitili yake binafsi afuate utaratibu huo huo wa kuhesabu. Ekari ni zake, lakini hasara inaingia kwa jirani.

Kwa majani tuliyo nayo mwaka huu, inawezekana asipate nafasi ya ng'ombe hata ishirini. Basi apate hao ishirini, au asipate. Mabati ya ghala tutayatafuta kwa ushuru wa pamba, hata kama ni upande mmoja wa paa kila msimu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mkwaju wa shule. Daftari la kuandikisha maksai na ndama liko kwa karani ghalani tangu leo. Kila mwenye plau aandikishe kabla ya Ijumaa jioni, ataje idadi ya kweli, maana hesabu hiyo ndiyo tutakayosoma mbele ya huyo bwana.